Amekatwa tena

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la vifurushi, stendi ya Kayanga, hapa Karagwe, basi la kutoka Arusha likaingia. Akashuka mwanamume mmoja amebeba mfuko mrefu wa fimbo za gofu. Mama yake, aliyekuwa akimsubiri kwenye benchi, akainuka.

"Shikamoo mama. Nimekatwa tena."

Mama hata marahaba hakutoa. Alimshika mkono, akampandisha shati mpaka begani, kisha akamgeuza mgongo. Foleni nzima tukanyoosha shingo kutafuta jeraha.

"Umekatwa wapi?"

"Arusha."

"Nauliza mwilini."

Ikabidi atueleze wote. Yeye ni mcheza gofu wa kulipwa, ingawa kulipwa kwenyewe bado anakusikia kwa wenzake. Mashindano yakifika katikati, waliopiga mpira mara nyingi wanakatwa, yaani wanarudishwa makwao. Anayepiga mara chache ndiye bingwa.

Mama akamshusha shati taratibu.

"Kwa hiyo unakatwa kwa kuzidisha bidii?"

"Ndiyo, mama."

"Kule kwetu Ihembe ulikuwa unapiga jembe mara mbili, unakwenda kulala chini ya mgomba. Nikakuchapa mpaka ukaacha uvivu. Kumbe nilikuwa naharibu bingwa."

Tulicheka sana. Kisha nikageukia dirishani. Karani wa vifurushi alikuwa ameegemeza shavu kiganjani, na tangu asubuhi hajagusa mzigo hata mmoja. Nikajua Karagwe hatujaishiwa vipaji.