Siku Nilipochagua Mwiko wa Uashi

Enzi zetu sisi tuliorudi kutoka Tanzania, utajiri tuliuona kwa mara ya kwanza pale Kobero, mlango wa kuingilia Burundi. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Lori lilitushusha mpakani mchana wa jua kali, sisi watoto tumekaa juu ya magunia na mabati, kuku wamefungwa miguu, na vumbi jekundu limetufanya wote tufanane kama mapacha. Nilikuwa na miaka kumi. Nikawaona wabadilishaji fedha wameshika mabunda ya noti, wanajipepea nayo. Nikamvuta mama kitenge: "Nikikua nitakuwa kama wale."

Mama akacheka. "Mwana wanje, mwanangu, zile si zao. Wanazishika tu, zinapita."

Sikumwelewa. Kwangu mimi, mwenye kushika ndiye mwenye nazo.

Kilimani kwetu, huko Muyinga, tulikuta baba mdogo amelima shamba la babu miaka yote tuliyokuwa ukimbizini. Wazee wa kilima wakakaa, wakaligawa katikati. Hakukuwa na ugomvi, ila jioni hiyo baba alikaa muda mrefu bila kugusa chakula. Kisha akatuambia, sisi watoto wake wanne: "Shamba nimegawana. Nanyi mkija kuligawana, kila mmoja atapata pa kulaza ubavu tu. Tafuteni kazi ya mikono. Ufundi haugawanywi."

Lakini msidhani tulikua tumenuna. Tulicheza! Tulikuja na rede yetu, ule mchezo wa kukwepa mpira, kutoka kambini, tukawafundisha wasichana wa kilima kizima. Tuliteleza kwenye mteremko juu ya magome ya migomba mpaka sketi zikatoboka, na nyumbani tukasema zimeliwa na panya. Shuleni watoto walitucheka, maana Kiswahili tulikijua na Kifaransa kilitupita juu ya kichwa. Mwalimu akiamuru tusimame, sisi tunakaa. Na ule ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wetu, zilizokaangwa kwa mawese! Leo nawapikia wanangu, wanachambua vichwa vya ndagala na kuviweka pembeni ya sahani kama vitu vya maonyesho.

Mama alikuwa na sheria moja isiyokiukwa. Maharage yakivunwa, kabla chungu hakijapanda jikoni, anachagua mbegu nzuri, anazichanganya na majivu, anaziweka kwenye mtungi juu ya dari. Hata tukilala nusu shibe, mtungi hauguswi. Mwaka mmoja, njaa ya kabla ya mavuno ilipotubana, mimi na kaka yangu tuliupandia tukachota maharage, tukayapika porini kwenye kopo. Yalikuwa matamu, sitaki kuwadanganya. Mama alipogundua hakutupiga. Alitupeleka kwa jirani na majembe yetu, tukalima Jumamosi tatu mfululizo, na malipo yetu yakawa bakuli la mbegu. Akalipokea, akalirudisha mtungini. "Mkila mbegu," akasema, "mmekula na mwaka ujao."

Nilipomaliza darasa la kumi, ilinibidi nichague. Melki, mtoto wa baba mdogo, alikuwa tayari Kobero anasaidia wabadilishaji fedha na wenye malori. Alikuja kilimani na viatu vinavyong'aa kiasi cha kumtisha ng'ombe.

"Njoo tufanye kazi," akaniambia. "Kule pesa iko kila siku. We unataka kwenda kukaa shule miaka mbili ingine, kufanya nini?"

"Kujifunza uashi. Gitega kuna shule ya ufundi."

Akacheka mpaka akashika magoti. "Maçon? We msichana? Bon, mikono ikiwa ya simenti, ni nani atakuoa?"

Naungama kwamba niliyumba. Nilitaka viatu. Usiku mzima niliwaza, na asubuhi nikamuuliza mama angefanya nini angekuwa mimi. Alikuwa anapepeta mtama, hakuinua hata uso. "Buhoro buhoro ni rwo rugendo," akasema kwa Kirundi. Polepole ndiyo safari. Nikafunga mzigo wangu, nikaenda Gitega.

Darasani tulikuwa wasichana wawili kati ya vijana thelathini. Mwenzangu aliacha mwezi wa pili. Mimi viganja vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena, mpaka siku moja nikajenga ukuta, mwalimu akauwekea timazi, akazunguka, akauwekea upande wa pili, akaondoka bila kusema neno. Kwa mwalimu yule hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko cheti.

Nilianza kwa vibarua. Kila malipo, kabla sijanunua hata chumvi, nilitoa mbegu kwanza, kama mama. Kidogo kikawa mbuzi, mama akanitunzia Muyinga. Mbuzi wakazaa, wakawa ng'ombe mmoja, na ng'ombe akawa kiwanja kidogo Yoba, hapo hapo Gitega, wakati ule bado watu wanalima viazi vitamu pale na kuniuliza nimerogwa na nani. Wenzangu kazini walinunua pikipiki. Mimi nilitembea kwa miguu na kununua matofali. Nilipoolewa (ndiyo, Melki, niliolewa na seremala, na mikono yake ni migumu kuliko yangu) tulikataa sherehe ya kuwalisha watu tusiowajua. Tukapika wali na maharage, tukaimba, na iliyobaki ikawa msingi wa chumba cha kwanza. Kodi ya chumba hicho ikajenga cha pili.

Kisha nikaanguka. Kiunzi cha kupandia ukutani kilikatika nikiwa juu, mguu ukavunjika mahali pawili. Miezi saba sikushika mwiko. Nililala nikitazama dari, nikidhani yote yameisha. Lakini kila mwisho wa mwezi wapangaji wa vyumba vyetu walibisha hodi, na watoto hawakukosa uji wala karo. Hapo ndipo nilipomwelewa mama: mali ni ile inayokulisha ukiwa umelala.

Melki alikuja kuniona. Viatu vilikuwa vimechakaa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema taratibu, "Mi nimeshika pesa nyingi kukushinda. Lakini iko wapi?" Sikumcheka. Nilimuuliza kama bado anawafahamu wauzaji wa vigae wa Kabanga, ng'ambo ya mpaka. Aliwafahamu wote kwa majina. Nilipopona tukaanza pamoja, yeye analeta vigae, mimi navitandika. Makao makuu ya nchi yalipohamia Gitega na mji ukaanza kujengwa kila upande, sisi tulikuwa tayari na kazi zetu zinaonekana.

Mwaka jana tulipata kazi ya nyumba ya wageni ya ghorofa mbili. Siku ya kwanza mwenye nyumba alipita katikati yetu na ramani mkononi, akaniuliza mimi aliko msimamizi, "Chef iko wapi?"

"Iko hapa."

Akatazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu mwingine.

Tuliimaliza kabla ya mvua. Siku hizi mabinti wa kaka yangu wananiuliza, "Shangazi, siri ni nini?" Nikianza kuwaeleza habari za mbegu, mbuzi na miaka kumi na tano, macho yao yanarudi kwenye simu kutafuta njia ya kutajirika ifikapo Alhamisi. Siwalaumu sana. Enzi zetu hatukuwa na subira zaidi yao, ila hatukuwa na njia ya mkato ya kuikimbilia. Wao wana mwanga, wana barabara, wana kila kitu isipokuwa ule muda mrefu wa kungoja kitu kiote. Wakati mwingine ninautamani, pamoja na njaa yake.

Kabla sijakabidhi funguo nilimleta mama kutoka Muyinga. Alipanda ngazi polepole, ameshika ukuta wangu, akipumzika kila baada ya hatua tano. Ghorofa ya pili akasimama dirishani, Gitega yote iko chini yake, mabati na vigae vinametameta.

"Enzi zetu," akasema, "mwanamke alikuwa haruhusiwi kupanda juu ya nyumba. Hata kuezeka. Walisema ni mkosi."

"Najua, mama."

Akajifunga vizuri kitenge chake kiunoni, akainua uso kutazama dari.

"Na huko juu ya paa," akauliza, "tunapitia wapi?"