Uzi Juu ya Tangi la Verna

Kila jioni Verna Maki alipanda mpaka kwenye tangi lake la maji akafunga uzi mweusi juu ya mfuniko, na kila asubuhi akarudi kuukagua. Uzi ulikuwa mzima. Maji yalikuwa yamepungua. Mtu mwingine angesema basi, hakuna mwizi. Verna alisema huyu ni mwizi hodari.

Na alishamjua: Wendell, jirani wa upande wa pili wa ua, seremala mstaafu mwenye kabichi zilizonawiri mno kwa mwezi wa Agosti. Kule mlimani juu ya bahari mvua hukoma Mei, na mpaka Oktoba watu huishi kwa chemchemi zinazojaza matangi yao. Chemchemi ya Verna haikuwahi kukauka kwa miaka arobaini, ishirini na minane akiwa na mumewe Arvo, kumi na miwili peke yake. Sasa kijiti chake cha kupimia maji tangini kilitoka kikavu zaidi kila wiki. Binti yake aliyehamia bondeni alishasema wazi kwamba maji yakikatika, mama atakuja kukaa kwenye chumba cha nyuma. Verna alikwishakiona chumba chenyewe. Dirisha lake linatazama ukuta wa gereji.

Ushahidi alianza kuukusanya tangu Februari. Dhoruba iliyopiga siku tatu mfululizo iliangusha tawi la mti mwekundu, ule unaofanana na msonobari, likatoboa paa la jikoni na kuvunja kiti cha Arvo. Verna si mtu wa kuonywa mara mbili. Aliita wakata miti, wakaiangusha miti yote mitatu ya aina hiyo iliyosimama juu ya chemchemi, mirefu hata vilele vyake havikuonekana kutoka chini. Misumeno ikinguruma, Wendell alikuja mbio, kofia mkononi, akiomba wasimame kwanza azungumze naye. Verna akamfungia mlango. Mtu anayelilia miti isiyo yake ana jambo lake. Tangu siku hiyo, wakipishana barabarani na Wendell akainua vidole viwili juu ya usukani kumsalimu kama watu wote wa pale, Verna alitazama mbele.

Kama uzi haukatiki, basi wizi unapita chini ya ardhi. Akachukua sepetu, akaanza kuchimba mtaro kutoka kwenye tangi kuelekea kwenye ua, akilitafuta bomba la siri. Siku ya kwanza alipata mizizi. Siku ya pili alipata mizizi na chupa ya pombe aliyoificha Arvo, akakasirika upya. Siku ya tatu mtaro ulifika kwenye ua, na Wendell alikuwa ameegemea nguzo akimtazama.

"Unatafuta nini, jirani?"

"Bomba lako."

"Bomba la nini?"

"La kunyonyea maji yangu. Usijitie hujui."

Wendell alikuna ndevu. "Una sufuria mbili?"

"Sufuria zangu zinakuhusu nini?"

"Weka moja juu ya kisiki chako na nyingine chini ya mti wangu. Kesho asubuhi tuangalie. Na zifunge kwa huo uzi wako, usije ukasema nimezikojolea."

Verna aliziweka, lakini hilo la uzi lilimkaa moyoni. Amejuaje habari za uzi?

Asubuhi ukungu ulikuwa umetanda hata ua hauonekani. Kwenye visiki vyake ulipita juu kwa juu, kimya. Sufuria ya hapo ilikuwa na unyevu tu, kama iliyolambwa. Akavuka ua. Chini ya mti wa Wendell ilikuwa inanyesha. Matone mazito yalidondoka kutoka juu, yakampiga kichwani na mabegani. Sufuria ilikuwa na maji ya vidole viwili, na uzi haujaguswa. Verna aliinua macho, akatafuta mpira wa maji kwenye matawi. Haukuwepo.

"Mti unakamata ukungu, unaudondosha chini," Wendell alisema nyuma yake. "Ndivyo chemchemi yako ilivyokuwa ikijaa kiangazi. Arvo alijua."

"Arvo hakuniambia."

"Mimi nilikuja kukuambia. Ukanifungia mlango."

Aibu ilimpanda Verna mpaka masikioni. Kisha akakumbuka machipukizi. Tangu Aprili yalikuwa yakichomoza kuzunguka vile visiki, na kila Jumamosi aliyafyeka kwa shoka.

"Nikiyaacha yale machipukizi, yatafikia urefu wa mti huu lini?"

"Miaka sitini. Labda sabini."

Verna alikuwa na miaka sabini na mmoja.

"Maji yako yanawatosha watu wawili?" aliuliza, na kila neno lilimgharimu.

"Yanatosha. Tangi langu liko hapa kando ya ua, na bomba refu ninalo ghalani. Kazi ngumu ni kuchimba," Wendell alisema, "na wewe umeshachimba."

Hawakucheka. Kabla ya saa sita mchana bomba lilikuwa limelala ndani ya mtaro ule ule, kutoka tangi hadi tangi. Wendell alitaka kusaidia kufukia, Verna akamkatalia. Alifukia mwenyewe, polepole, mpaka mwisho. Sasa kweli kulikuwa na bomba la Wendell chini ya ardhi yake, na maji yaliyopita humo yalikuwa yakija kwake.