Maneno ya Kumtoa Nyoka Pangoni

Kila mwaka, tukikaribia mada ya ufasaha, nilitamani niugue. Nilifundisha Kiswahili sekondari hapa Musoma mpaka nikastaafu, na mada ile sikuizoea kamwe. Niliandika ubaoni: mlumbi, msemaji, ulimi wa asali. Wanafunzi wakaongeza ya kwao: domo, porojo, kutia chumvi, kuvisha kilemba cha ukoka. Darasa zima likacheka. Mimi nikageukia ubao nikajifanya nafuta kitu, kwa sababu ndani ya kicheko chao nilikuwa nakisikia cha baba.

Baba alikuwa mlumbi. Kwetu, upande wa Butiama, hakuna aliyemwita hivyo. Walisema tu, "Yule mzee ana mdomo," na ilikuwa sifa. Mke akimkimbia mumewe akarudi kwao, wakwe hawaendi kumchukua kimyakimya; wanatafuta msemaji. Baba alifuatwa na watu wa Mugeta, wa Nyamuswa, wa huko na huko. Alisimama, akavuta pumzi, akaanzia mbali, kwenye mvua au kwenye ng'ombe aliyepotea, akazunguka weee, mpaka mama wa binti anafuta machozi na binti mwenyewe anajifunga kilemba tayari kwa safari. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, walisema, na wakamchinjia kuku. Padri aliita kipaji. Walioshindwa naye waliita porojo. Mama, aliyewahi kuwaona wale mabinti wakipita njiani kurudi kwa waume waliowakimbia, alikuwa na neno moja tu.

"Hilo domo lako," alimwambia, "iko siku litakuja kukaa hapa kwetu."

Ilikuwa miaka ya shida. Maduka ya mjini yalikuwa na rafu na muuzaji, bidhaa hakuna. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai, na chai tuliinywa bila sukari. Maneno hayakuadimika.

Dada yangu alirudi nyumbani asubuhi moja kwa miguu, mkono wa kushoto umefungwa kwa kanga. Mimi ndiye niliyemfuata kuzaliwa. Tulilala kitanda kimoja mpaka siku alipoolewa Nyamuswa. Hata maji hakunywa kwanza. Alimkuta baba uani akamwambia palepale:

"Baba, mimi sitaki kurudi kule. Ananipigaga. Sasa hivi ataniua."

Baba aliutazama ule mkono muda mrefu.

"Hurudi," alisema.

Nilimsikia kwa masikio yangu haya, na alikuwa anasema kweli. Hilo silibadilishi, hata nikimkasirikia namna gani.

Wakwe walikuja Jumapili baada ya misa. Msemaji wao alitoka Bunda, mwembamba, mdogo kuliko baba, shati limepigwa pasi mpaka kola inang'aa. Kwa desturi yetu baba wa binti hasemi siku hiyo, anasemewa, na aliyesimamishwa kutusemea ni baba mdogo. Alikuwa amepewa kazi moja tu: kukataa. Katikati ya wanaume palikaa chungu cha pombe ya mtama. Wageni walikuwa na mirija yao, lakini mrija wa mwenye mji hubaki mkononi mwake mpaka mwisho. Akimpa msemaji wa wakwe akanywa, maneno yamekwisha, mke anarudi kwa mumewe. Asipompa, wageni wanainuka wanakwenda zao. Hakuna kurudia.

Mimi na dada tulikuwa jikoni, tunachungulia kwenye ufa wa ukuta. Alikuwa anachemsha maji ya kuongezea pombe yao, kwa mkono mmoja.

Yule mtu akaanza, na Mungu anisamehe, alikuwa hodari. Hakuomba. Hakumsifu mume. Alianza na jiwe la kusagia. Alisema tangu mwenye jiwe aondoke, unga wa mwisho bado umo juu yake, hakuna aliyethubutu kuupangusa; hata kuku anafika pale, anautazama, anaondoka, anamwachia mwenyewe. Akapandisha sauti, akaishusha, akanyamaza pale ambapo mwingine angepayuka. Nilimwona baba akiinama mbele, midomo ikifuatisha, kama seremala anayepapasa meza iliyotengenezwa na mwenzake. Msemaji akamleta tena yule kuku, safari hii na vifaranga, na baba akapiga paja. Akacheka kicheko kikubwa cha raha.

"Eeh! Huyu mtu!" alisema, na mkono wenye mrija ukaenda mbele.

Mgeni akaupokea, akanywa.

Baba mdogo alikuwa ameshafungua mdomo wake, akabaki hivyo hivyo. Baba aliutazama mkono wake mtupu. Nadhani ndipo alipokumbuka ni jiwe la nani lililokuwa linasemwa. Ningemsamehe mapema kama angekuwa ameshawishika. Hakushawishika hata kidogo. Alifurahi tu, kama mtu afurahiavyo ngoma, na mwanawe yuko nyuma ya ukuta.

Mama alitoka mbio. "Mnyang'anye! Mnyang'anye huo mrija!"

"Ameshakunywa," baba alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Jikoni dada alifungua ile kanga ya mkononi, akaifunga upya kwa kusaidiwa na meno.

"Si nilimwambia sitaki?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo, alimwambia. Akanywa maji, akatoka.

Baba hakumsemea mtu tena. Waliokuja kumfuata aliwaambia kifua kinambana. Biashara ikafunguliwa, mitumba ikajaa Bunda, wauza dawa za kila ugonjwa wakawa wanabembeleza watu kwa vipaza sauti, na yeye akiwasikia alikuwa anahama njia.

Dada alifia kule kule. Walisema ameteleza kwenye mawe akichota maji. Nilichukia kila kitu siku ya mazishi, hata chai, kwa sababu ilikuwa na sukari na watu waliitaja. Kaburini wazee wakamwita baba aseme neno. Watu wakasogea, walikuwa na hamu naye. Akasimama, akavuta pumzi kama zamani, na mimi nikaogopa kwamba ataanzia kwenye mvua.

"Alisema hataki," baba alisema.

Akangoja, kama mtu aliyezoea mengine yaje yenyewe. Hayakuja.

Kutoka upande wa wanawake mama akamjibu, bila kulia:

"Ndiyo. Alikwambia."