Betri ya Maalim Famau

Ukipita soko la Kisimayu upande wa wauza nguo, utauona mlango wa Swabra, na ubavuni mwake jiko langu. Mimi ni Mwanaasha, nauza chai na bajia, na watu husema mdomo wangu una moto kuliko hilo jiko. Waseme. Swabra ndiye mpole. Anatengeneza simu na laptopu, na miaka mitano tumekaa bega kwa bega sijamsikia akimkemea hata paka.

Alizaliwa kambini Mombasa, baada ya wazee wake kukimbia vita. Ufundi aliupata huko huko, kwa mjomba wake aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Alipoolewa na baharia wa hapa, alikuja na sanduku la nguo na begi la bisibisi. Wanaume wa soko walicheka. Wanawake hawakucheka, na sababu yao ilikuwa moja: simu ya mwanamke ina picha zake akiwa kichwa wazi, za harusini, za ndani na watoto. Nani atampa mwanamume simu hiyo akae nayo siku tatu? Swabra huifungua mbele yako, hutengeneza kilichoharibika, na mahali pengine hapagusi. Duka lenyewe ni mabati tu. Watu walilifuata jina lake.

Sasa nisikilizeni yaliyompata kwa Maalim Famau wa Koyama, maana mpaka leo nikiyakumbuka damu hunichemka.

Maalim Famau ni mwalimu wa skuli ya kisiwani. Skuli ilipewa laptopu moja, na mwenye kuitunza ni yeye. Adhuhuri huichaji kwa sola ya skuli, magharibi huizima na kuiweka juu ya kabati nyumbani kwa mamake, na asubuhi huiwasha kuandika mitihani kabla ya darasa. Nyumbani kwao umeme hakuna, betri ya sola yao ilikufa zamani. Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, aliileta kwa Swabra kwa sababu feni ilikuwa inanguruma, imejaa mchanga. Swabra akaisafisha, akamrudishia. Ada yake ni kuiandika namba ya betri daftarini, mwenye mali akiona, kabla hajagusa hata skrubu. Siku ile watu walikuwa wamejaa mlangoni kwa ajili ya Idi. Hakuandika.

Wiki mbili baadaye Maalim akatokea, kilemba upande, laptopu kwapani.

"Fundi, betri yangu iko wapi?"

"Si hiyo imo ndani, Maalim."

"Hii si yangu! Yangu nilikuwa naizima ina tisini, asubuhi naikuta na tisini yake. Hii naizima na tisini, asubuhi ina arubaini na kitu. Imezimwa! Mashine iliyozimwa inakula nini?"

Alisema hayo mbele ya wanywaji wangu wa chai, watu sita, na watu sita wa Kisimayu ni sawa na mji mzima.

Swabra akaipokea. "Iache siku tatu, Maalim. Tutaona."

Alinieleza akiifanyia kazi, nami nilielewa, kwa hiyo na ninyi mtaelewa. Kuna laptopu ukidhani umeizima, kumbe imelala jicho moja wazi, ili kesho iwahi kuamka. Na anayelala jicho wazi huchoka. Swabra akaliondoa jambo hilo, akaizima kuzima kweli. Akaisomesha na ripoti yake yenyewe, ikasema betri bado inashika karibu chaji yote iliyokuwa ikiishika ilipokuwa mpya. Akaijaza mia, akaiweka rafuni. Siku ya tatu akaiwasha mbele ya Maalim: tisini na nane.

"Umeona?"

Maalim akaichukua, akaenda zake Koyama. Juma halikwisha amerudi, na safari hii sauti ilifika hadi kwa wauza samaki.

"Thelathini na nane! Hapa kwako inakaa, kwangu haikai? Ina macho? Nirudishie betri ya skuli, mwanamke, mche Mungu!"

Alasiri ile ile mama mmoja akaja kuichukua simu yake iliyokuwa bado haijatengenezwa. Binti yangu anaihitaji, alisema, na macho yake yalikuwa chini. Kesho yake akaja mwingine. Swabra alikaa na bisibisi mkononi.

"Mwanaasha," aliniambia, "leo wanasema naiba betri. Kesho watajiuliza picha zao naziangaliaje."

Nilimwambia amtolee Maalim betri mpya yaishe. Akakataa. Akimpa betri, alisema, ndiyo amekiri wizi. Na tena ile mashine hapa dukani ilikuwa imekaa siku tatu salama. Basi kinachoila kiko Koyama, na yeye atakifuata huko huko.

Nami nikafuatana naye, kwa kuwa kisiwani nina khaloo yangu, dada wa mama, na kwa kuwa, niseme kweli, nilitaka niwepo Maalim akitahayari. Tulipofika, mamake, Bi Mwanatumu, alitupokea kama wanawe. Akatupikia, akatutandikia, akampaka Swabra mafuta miguuni kwa vile alitapika chomboni njia nzima. Jioni Maalim akaizima laptopu mbele yetu: tisini na nne. Swabra akatoa selotepu, akakata vipande vidogo vidogo, akaziba kila tundu la ubavuni. Maalim akamuuliza kama anaiziba isivuje. Akacheka peke yake.

Asubuhi, jua limeshatoka na Maalim hajarudi kutoka msikitini, Swabra akaishusha kabatini. Arubaini na saba. Akaigeuza polepole. Vipande vyote vilikuwa vimenyooka kama alivyovibandika, isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa kimebanduliwa na kurudishwa upande, juu ya tundu lenye alama ya radi.

Wanaume hawakulala nyumba ile. Maalim alilala kwa mkewe, nyumba ya pili. Tulikuwa watatu tu, na wawili ni sisi.

Swabra akaenda jikoni, akachutama karibu na Bi Mwanatumu aliyekuwa anakanda unga. "Mama," alisema, taratibu kabisa, "lile tundu usiku lilikuwa na waya."

Bi Mwanatumu akaendelea kukanda. Kisha akaacha, akafuta mikono, akafungua debe la mchele, akatoa simu ndani ya mfuko wa nailoni. Simu kubwa, nzuri, ya kisasa.

"Kaniletea Wardah," alisema. "Ilikuja na mgeni wa Idi."

Wardah nilimjua kwa habari. Ni binti yake, dada wa Maalim. Baba yao alipokufa, Maalim ndiye akawa walii wake wa ndoa, akatoa ahadi kwa mtu amuoze. Wardah akavuka kwenda Kiunga, akafika Mombasa, akaolewa kwa kadhi na mwanamume aliyemtaka mwenyewe. Maalim akaapa jina lake lisitajwe tena nyumbani. Miaka sita.

"Kwa jirani siwezi kuichaji," Bi Mwanatumu alisema, na kwa Kibajuni chake mtu ni mchu. "Mwenye sola ni mkwewe Famau, ataniuliza. Na mashine ya mchu sikuiwasha, wallahi, sikuigusa ikiwaka. Nilingoja izimwe. Nikaona mwenyewe amekwisha kuitumia, umeme uliobaki mle ni kama makaa ya jirani aliyekwisha kupika. Si twapalia siku zote? Waenda na kigae, wachukua makaa mawili, wawasha jiko lako. Mwenye meko apungukiwa nini?"

Swabra akamweleza kwamba tundu lile limeundwa litoe umeme hata mashine ikiwa imezimwa, wasafiri wachaji simu zao, na kwamba umeme huo hutoka katika betri ile ile. Simu kubwa kama hii, kila usiku, ndiyo inayoimaliza.

Bi Mwanatumu akashika kichwa. "Basi ndiyo hiyo anayokutukania sokoni? Ni mimi?"

Swabra akamshika bega.

"Usimwambie, mwanangu. Akijua, ataichukua. Miaka sita sikusikia sauti ya mwanangu. Sasa nasikia na wajukuu, wananisomea alifu kwa ujiti." Alikuwa analia waziwazi, unga mpaka viwikoni.

Mimi nilishafungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kumtosha Maalim mpaka mwaka ujao. Swabra akanifinya mkono, bado nina alama.

Maalim aliporudi alimkuta Swabra na laptopu magotini. Alikuwa ameingia kule ndani kabisa, kwenye ukurasa wa kabla mashine haijaamka vizuri, akalifunga lile tundu lisitoe umeme mashine ikizimwa. "Maalim, nimekiona," alisema. "Kuna kitu ilinipasa nikifunge siku ya kwanza, sikukifunga. Kosa langu. Haitakula tena."

"Si nilisema?" Maalim akasema. "Si nilisema ni wewe?"

Njiani kurudi nilimkalia kooni. Jina lako utaliacha lichafuke? Watoto wako utawalisha unyamavu? Ingekuwa mimi, ningesimama mlango wa msikiti! Alingoja mpaka nikaishiwa pumzi.

"Wananiletea simu zao kwa kuwa sisemi ninayoyaona ndani," alisema. "Nikiyasema ya yule mama ili waniamini, wataniamini kwa lipi?"

Hasira haikunipungua.

Laptopu ikapona. Maalim, nimpe haki yake, akatangaza kwamba haili tena, na kwamba fundi amekiri. Neno hilo la pili ndilo lililotembea. Miezi mitatu Swabra alikuwa akipata kazi za wanaume tu, spika na vioo. Kule Koyama, khaloo yangu aliniletea salamu kwamba Bi Mwanatumu amekonda, hazungumzi, anakaa na debe la mchele miguuni. Nilimficha Swabra habari hiyo, kisha nikashindwa, nikamwambia. Siku ile hakugusa chakula.

Ndipo Bi Mwanatumu akapandwa na presha, na mwanawe akamleta mjini kwa daktari. Walipotoka huko walikaa kwenye bao langu la kukalia, nikawapa chai, ya mama bila sukari. Msichana mmoja akapita na laptopu, anaelekea kwa Swabra. Mnywaji wangu mmoja akamwita: "Kwa huyo usipeleke, dada. Alimbadilishia Maalim huyu betri, na alikiri kwa kinywa chake."

Maalim akaitikia kwa kichwa. "Naam. Alikiri."

Bi Mwanatumu akaweka kikombe chini. "Hakukiri," alisema. "Alinisitiri."

"Mama?"

"Betri niliimaliza mimi, Famau. Kila usiku, ukishazima. Nilikuwa naichajia simu, nizungumze na Wardah." Alilitamka jina lile kwa sauti, palepale sokoni. "Fundi huyu aliniona, nawe mwanangu ulikuwa unamwita mwizi, na hakusema. Kama wataka kumtukana mchu, nitukane mimi."

Swabra alikuwa ametoka mlangoni. "Mama, hukuwa na haja."

"Nilikuwa nayo. Silali."

Maalim aliinuka. Uso ulikuwa umemsawijika. Nilikuwa na maneno yangu ya miezi mitatu, nimeyapanga vizuri, na nilipomtazama nikaona nimwache. Akaondoka kuelekea forodhani, mamake kamwacha kwangu.

Alirudi baada ya alasiri, kwapani ile laptopu aliyokuja nayo na kuiacha chomboni. Bao lilikuwa limejaa, watu walikuwa wamekaa makusudi, wanamngoja. Akasimama mbele yao. "Betri ni ile ile yangu," alisema. "Sikubadilishiwa. Nimemsingizia mwanamke wa watu, na nyote mlinisikia, basi na hili mlisikie." Kisha akainama mlangoni kwa Swabra, akaiweka laptopu juu ya meza, na sauti ikamwenda chini hata mimi nikaegemea kusikia.

"Lile tundu ulilolifunga. Lifungue."

Swabra akamtazama. "Itakula, Maalim. Utaizima na tisini, asubuhi utaikuta nusu."

"Nusu yanitosha," alisema.