Mabruki na Kawa la Besiboli

Mabruki wa Nyange alikuwa mchinjaji katika soko la Chake, na kama kuna alichokichinja zaidi kuliko ng'ombe, basi ni watu, kwa ulimi. Muuza samaki alimdharau kwa kuwa samaki hufa wenyewe. Wakojani, watu wa kisiwani Kojani, aliwadharau kwa kuwa hawafiki kwao ila kwa chombo, na watu wa Unguja kwa kuwa wanapanda boti kubwa kuja Pemba halafu wanashuka wametapikiana. Hata daktari hakusalimika. Daktari gani, akisema, anamuuliza mgonjwa anaumwa wapi? Ng'ombe haniambii kitu na mie najua.

Alizaliwa miaka ile ya foleni za mchele, baada ya Mapinduzi, na marehemu mamake akipenda kusimulia kuwa mtoto alitoka tumboni kanuna, kama aliyeiona foleni akaambiwa akae nyuma. Hakukaa nyuma tangu siku hiyo. Alioa, akazaa, akajenga, akanunua pikipiki, na kila alilolipata alilipokea kama mtu anayeletewa chai imepoa.

Pale mtaani Madungu palikuwa na baraza, nje ya nyumba ya Bi Time. Huyu Bi Time alikuwa mkoi wake, mtoto wa shangazi yake, mjane mwenye ulimi. Zamani akiuza barafu na ubuyu. Kisha, zilipoanza kujaa simu hizi za kupangusa, akatia televisheni na mashine ya gemu chumba cha mbele, vijana wakawa wanakuja kucheza mpira wa miguu wa kwenye kioo. Wazee wa baraza walikaa nje na bao lao, dhumna zao na karata zao, wakiwalaani vijana kwa kupoteza wakati.

Baraza ile ilikuwa na sheria moja. Ukutani, kwenye msumari, lilitundikwa kawa la ukindu, lile la kufunikia chakula, kongwe, limechongoka juu. Aliyefungwa mchezo wa siku huvishwa kawa lile kichwani, akashika dele la kahawa, akawanywesha wenziwe mpaka magharibi. Hapana aliyenusurika. Himid, muuza mafriji ya mtumba, alivishwa mara nyingi hata likamkaa kama kofia ya arusi. Mabruki peke yake hakupata kulivaa, na hilo alilisema kila apatapo mwanya. Asilolisema ni kuwa akichagua wa kucheza naye. Akija fundi wa bao kutoka Wete, mikono ya Mabruki ilikuwa inanuka nyama siku hiyo, si adabu kushika kete.

Sasa Himid, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alifungua kontena la vitu vya Japani akakuta mashine ya gemu na santuri moja tu ndani yake: mchezo wa besiboli. Yeye akaitumia kujaribia televisheni kabla hajaziuza, na kwa kujaribu televisheni moja baada ya moja, mchezo ukamwingia. Alipochoka nao akampa Bi Time santuri ile. Vijana hawakuitaka. Ikakaa.

Siku moja katika Shaaban Mabruki alikuwa pale barazani anajisifu habari ya kawa. Himid akamwambia taratibu kuwa kweli, hajafungwa, lakini na yeye Himid hajapata kuliwa na simba, kwa sababu simba hapa hatuna. Watu wakacheka. Mabruki akataka kujua maana yake. Himid akamwambia waingie ndani, upo mchezo mmoja.

Alipoelezwa namna unavyochezwa, Mabruki alitikisa mabega. Mmoja anatupa mpira, mwingine ana rungu anaupiga. Ukikosa mara tatu, huyo katoka. Ukiupiga ukaenda mbali, unakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka urudi nyumbani ulipoanzia. Ukifika nyumbani, ndiyo bao. Mchezo wa kumpiga mtu asiyekuwepo, alisema Mabruki. Ng'ombe angekuwa na vidole angeucheza.

Akakamata pedi. Na wallahi yule ng'ombe angecheza vizuri zaidi. Mpira haujatoka mkononi mwa mtupaji, Mabruki keshapiga. Mtu wake wa rungu akawa anazunguka pale kwenye kioo kama pia. Himid akafunga, akafunga, hata Bi Time akamwomba aache, mashine isije ikaungua. Mwenye haraka zake keshalitungua kawa msumarini.

Mabruki akalizuia kwa kiganja. Huku ni kuonja, alisema. Mtu haonji tui akaambiwa kala wali. Himid, kwa upole ule ule wa kuudhi, akakubali. Mchezo wenyewe ukawekwa Idi pili, baada ya alasiri, watu wote wakiwepo. Atakayefungwa atavaa. Wakilingana, kawa litarudi msumarini na maneno yaishe.

Mabruki akakubali kama anayemtupia paka mfupa. Lakini alipofika kwake alianza kuhesabu watu. Alijua. Kila aliyemtia ulimi tangu alipoota ndevu atakuja Idi pili kunyweshwa kahawa na mkono wake. Madungu nzima ilikuwa na kiu.

Basi Ramadhani ikaingia, na kila akifunga bucha Mabruki akipita nyuma ya nyumba, mlango wa uani, watu wa barazani wasimwone, akaingia kwa mkoi wake kujifunza. Wakati ule vijana wamelala kwa njaa na chumba ki kitupu. Bi Time alimkaribisha kwa heshima zote za mkoi, yaani alimcheka kwanza mpaka akaridhika.

Akamwambia waanze na mipangilio ya mashine. Mabruki akasema mipangilio ni ya waoga.

"Kisu chako unakinoa," Bi Time akamuuliza, "au ng'ombe unamkwaruza mpaka achoke?"

Bi Time akaupunguza mwendo wa mpira. Akageuza picha, ikawa mtu anaona kwa nyuma ya mgongo wa mwenye rungu, mpira unatoka kule mdogo kama punje, unakua, unakuja. Akafunga na sauti ya watazamaji wa ndani ya mashine, maana Mabruki wakimzomea alikuwa anawajibu. Akamfundisha kuwa kuna kitufe cha pigo kubwa na kitufe cha pigo dogo, na pigo dogo ndilo linalogusa. Kubwa ni la siku ya raha. Mabruki kwa muda wote ule hakubonyeza ila kubwa. Pigo dogo aliliona kama kwenda sokoni kununua robo kilo.

Kisha akamwambia aweke pedi mapajani, asibonyeze kitu, aitazame tu mipira inavyokuja.

"Nikae tu kama mlingoti?"

"Kaa. Uone kitu kinakuja kabla hujakitukana. Maisha yako yote hujapata kufanya hivyo."

Akakaa, anavimba. Siku zikenda, jicho likafunguka. Akawa anaujua mpira tangu mkononi mwa mtupaji, huu wa chini, huu wa pembeni, huu mzuri. Anaujua, na akipiga bado anakosa. Akaanza kuitukana mashine, na Wajapani walioiunda, na Himid aliyeileta.

Bi Time alikuwa anachambua mchele wa futari pale mlangoni. Akanyanyua macho akamtazama mikono. Dole gumba la kulia lilikuwa juu ya vitufe, linatoka jasho. La kushoto lilikuwa limesimama peke yake hewani, safi, kama dole la bibi arusi.

"Na hilo la kushoto," akasema, "limefunga saumu mbali na wenziwe?"

Mabruki akamjibu kwa ukali kuwa yeye kalelewa. Mkono wa kushoto haupokei, haupi, hauli. Nyama hajampa mtu kwa kushoto, na hawezi kuutanguliza kwenye shughuli yenye heshima yake, mbele ya watu. Ungo wa mchele ukamponyoka Bi Time. Alicheka akaushika mwimo wa mlango. Alipopata pumzi akamweleza kuwa kile kijiti cha upande wa kushoto ndicho kinachopeleka rungu ulipo mpira, juu au chini, ndani au nje. Mwezi unakaribia nusu, Mabruki anapigana na hewa ya katikati.

"Mkoi, hukufungwa na Himid wewe. Umefungwa na dole lako."

Siku ya pili yake akaliweka. Alisema bismillahi kwanza, akaliteremsha polepole kama mtu anayetia mguu kisimani. Mpira ukaja wa chini, rungu likaufuata chini, pigo dogo. Ukaruka ukapotea juu ya vichwa vya watu wa kwenye kioo. Mabruki akageuza uso akatazama ukutani, kama ambaye hakuona chochote cha maana.

Tangu hapo akapanda. Bi Time akauongeza mwendo wa mpira kidogo kidogo mpaka ukarudi ulivyokuwa, na Mabruki akawa anaifunga mashine. Fundisho moja tu lilikataa kumwingia. Mpira mbaya, usiofikika, uache upite; ukimwachia mtupaji minne mibaya, mtu wako anapewa kituo cha kwanza bure, anatembea tu. Mabruki akasema hiyo ni sadaka, na yeye si maskini wa kukaa mlangoni mwa mtu. Bi Time akamuonya kuwa Himid atamtupia mibaya makusudi, maana anamjua. Mabruki akasema Himid hajui hata friji ipi inagandisha.

Idi pili chumba kilijaa, dirisha likajaa, na wengine walisimama juu ya baraza. Alikuwepo muuza samaki. Alikuwepo daktari, kanzu imepigwa pasi. Alikuwepo hata Mkojani mmoja aliyevuka maji kwa ajili hiyo tu. Walikuja kucheka, na kwa muda mrefu hawakupata nafasi. Mabruki alicheza. Dole la kushoto lilikwenda, la kulia likafuata, na Himid, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akafuta jasho.

Ikafika zamu ya mwisho. Himid yuko mbele kwa bao moja. Mabruki ana watu wake kwenye vituo vyote vitatu, lakini huyu aliyeshika rungu akitoka, mchezo umekwisha. Alishakosa mara mbili. Na Himid alishamtupia mitatu mibaya, ambayo Mabruki, kwa kuuma meno, aliiacha. Ukipita mmoja mbaya zaidi, watu wake wote watasogea kituo kimoja bure, wa mbele ataingia nyumbani, watakuwa sawa, na hata asipopata zaidi kawa litarudi msumarini. Hana haja ya kufanya kitu. Akae tu.

Himid akageuza kichwa kidogo, akasema kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni, "Uachie tu, yakhe. Nakupa."

Mpira ukatoka. Ulikuwa wa chini, wa pembeni, mbaya ambao hata mtoto angeuona. Mabruki akabonyeza pigo kubwa.

Rungu likazunguka. Mpira ukapita.

Bi Time alilitungua kawa mwenyewe, akalipangusa vumbi kwa upande wa kanga.

"Hukuuona kuwa mbaya?" akamuuliza chini kwa chini.

"Niliuona tangu mkononi mwake."

"Sasa?"

"Mie sipewi," akasema Mabruki, akainamisha kichwa avishwe.

Akatoka nalo barazani, na dele mkononi. Walimpangia mstari, wengine hata kahawa hawanywi. Muuza samaki alikunywa vikombe viwili akataka cha tatu. Mkojani alisema kahawa ya nchi yenye barabara ina ladha yake. Daktari alipokea kikombe, akalitazama sana lile kawa lililochongoka, akamuuliza, "Unaumwa wapi, Mabruki?" Watu wakaangushana kwa kucheka.

Mabruki akamimina, akatoa kikombe kwa mkono wa kulia, dele li katika mkono wa kushoto, kama inavyotakiwa, mpaka akamfikia Himid. Hapo akasimama. Akahamisha dele mkono wa kulia. Akamimina. Akamnyooshea Himid kikombe kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu wote, siku ya Idi.

Kicheko kikakatika. Himid akakitazama kikombe, asikiguse, akingoja kibadilishwe mkono. Mvuke ukapanda kati yao.

"Mkono huu mmeusomesha wenyewe, wewe kwa mchezo wako na Bi Time kwa darasa lake," akasema Mabruki chini ya kawa. "Nusu ya mwezi mmeupeleka chuoni. Upokee."

Himid akakipokea akanywa, kwa kuwa mchezo ni mchezo, na Mabruki akasimama juu yake akimtazama anavyomeza, na uso umemkunjika, kama aliyekuwa hajapata kumwona mtu anakunywa kahawa vibaya namna ile.