Dirisha la Mkono wa Kushoto

Siku niliyomsindikiza mama mdogo kuchagua madirisha mapya ya nyumba yake, nilimhukumu haraka: nilimwona mteja msumbufu. Mbao za madirisha ya zamani zilikuwa zimeoza, duka lilijaa fremu za aluminiamu zinazong'aa, nami nilidhani tungechagua rangi tu na kurudi nyumbani mapema.

Yeye aliomba kiti. Ni fundi cherehani wa sare za shule. Akatoa futi yake ya kushonea, akapima kimo cha kile kiti, akakikataa, akaomba kifupi zaidi. Alipopata kilicholingana na kitanda cha mumewe, alikaa mbele ya dirisha la kwanza, akauficha mkono wa kulia mgongoni, akaanza kulisukuma kwa wa kushoto.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu baba mdogo apatwe na kiharusi, upande wake wa kulia haufanyi kazi, na dirisha lililo kando ya kitanda hakuweza kulifungua mpaka aite mtu. Mwanzoni alitania kwamba siku hizi akitaka upepo hana budi kuandika barua ya maombi. Kisha mzaha ukaisha, na kuita nako kukaisha. Akawa analala katika joto, kimya, uso ameuelekeza ukutani. Kimya hicho kilimtisha mkewe kuliko ugonjwa wenyewe.

Madirisha ya kuteleza yalimgomea. Kila moja lilimtaka mtu asimame na kuliegemea. Muuzaji alikuwa amekwisha kuchoka.

"Mama, unalijaribu dirisha au mnapigana mieleka?"

"Mieleka, baba. Likinishinda, silinunui."

Hatimaye alilipata la bawaba, linalofunguka kwa nje kwa msukumo mmoja. Akaagiza komeo lake lishushwe hadi chini kabisa. Nilimnong'oneza kwamba majirani wangeshangaa kuona dirisha moja halifanani na wenzake. Akasema watazoea.

Lilipokwisha kupachikwa nyumbani, mama mdogo alitutoa sote chumbani, fundi aliyelipachika akiwa wa kwanza. Tulisimama uani tukijifanya kukagua lipu. Tukasikia komeo likikwaruza, likinyamaza, likikwaruza tena. Nilipiga hatua kwenda kusaidia. Mama mdogo akanishika mkono. Kisha kioo kikafunguka, na sauti ya baba mdogo ikatoka nacho:

"Mbona mmejipanga hapo kama mnangoja mshahara?"

Mama mdogo aligeuka, akawa na shughuli nyingi na mtandio wake.

Wiki kadhaa baadaye binti yao alinieleza jambo nisilolijua. Upepo haupatani kabisa na mama yake. Humwumiza masikio na kichwa. Tangu ujana wao, ugomvi mkubwa wa ndoa ile ulikuwa dirisha la chumbani, mke akifunga, mume akifungua. Siku hizi mama mdogo hulala na sweta, masikio ameyafunga kitambaa, na dirisha liko wazi.