Nafasi ya Mpiga Besi wa Riruta

Acha nimshukuru Shiundu hapa, maana siku ile niliondoka bila kumshukuru kwa aibu.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi viatu mtaa wa Laini Saba. Gitaa la besi nilikuwa nalo, spika sikuwa nayo. Jumamosi moja rafiki yangu Ochieng aliniambia mpiga besi wa bendi yake ameugua, nikamshikie nafasi kwenye harusi Riruta. Wenzake sikuwajua.

Nilifika nimechelewa. Nikasikia muziki wa harusi kwenye boma moja, nikaingia mbio. Ochieng sikumwona, lakini kando ya spika alisimama mwanamume akipiga besi. Nikajua ndiye mgonjwa, amejikaza kuja.

"Bwana, nipishe," nikamwambia wimbo ulipoisha. "Wewe nenda upumzike."

Alinitazama kidogo, akachomoa waya wake, akanipa. Kisha akachukua sahani ya mukimo, akakaa kunisikiliza. Nikachapa nyimbo nne nimefumba macho, najiona bingwa. Sikuwahi kupigia spika nzuri hivyo.

Nilipofumbua macho, Ochieng alikuwa amesimama langoni na suti yake ya bendi.

"Harusi yetu iko boma la pili, bwana," akasema. "Tunakungoja tangu saa nane."

Nikachomoa waya, nikamrudishia mwenyewe. Huyo ndiye Shiundu, na hakuwa mgonjwa hata kidogo. Aliweka sahani chini, akanishika mkono mbele ya maharusi.

"Asante, ndugu," akasema. "Tangu asubuhi sikuwa nimekula."